Mjomba Aliyeisomea Migomba

Ndugu wasomaji, nichekeni taratibu, aibu bado mbichi. Tangu nihitimu shule ya jioni, kijiji chetu cha Ujamaa huku Kinole kimenifanya mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na kichwa changu kimevimba kama jungu la harusi.

Juzi asubuhi nikamkuta mjomba wangu, Mzee Kobelo, amesimama shambani anaikaripia migomba: "Ba! Be! Bi!" Nikajua akili zimemruka. Nikamkokota hadi misheni kwenye simu, nikampigia daktari wa akili mjini, aamue kama atamtibu kwa simu au tumshushe hospitali.

"Analala?" akauliza daktari.

"Mwezi mzima hajafumba jicho!"

"Anatisha watu?"

"Kinole nzima imehama, daktari!" Kusema kweli, aliyekimbia ni kuku mmoja tu.

"Basi simu haitoshi. Mfungeni kwenye machela, mumlete leo leo."

Mjomba kusikia machela, akaninyang'anya simu.

"Shikamoo, mzee," daktari akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nafanya masomo tu. Mwalimu katuagiza, asiye na wa kumsomea aisomee migomba."

Sauti ya daktari ikasikika hadi mlangoni, alikosimama padri: "Mwalimu gani huyo?"

"Si huyu aliyekupigia!"

Padri akaanza kukohoa kwa kujizuia kucheka.

"Haya, mzee," akasema daktari. "Machela ni ile ile. Mfungeni yeye."