Filamu Aliyokataa Kuitazama

Saa nne asubuhi, Mkasi ameegemeza kidevu kwenye kiganja, anatazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini. Harusi nzima ya mteja imo ndani ya kompyuta yake, na feni inahema kama mtu aliyepanda ghorofa tano na gunia begani.

Macho yake hata hivyo hayatulii. Kila mlango wa chumba cha ng'ambo ya barabara ukifunguka, anainuka kidogo kitini.

"Huyo aliyeingia alikuwa mteja wangu," anasema bila kuulizwa. "Na yule mwenye begi jekundu naye alikuwa wangu."

Chumba hicho ni cha mdogo wake wa tumbo moja, mtoto wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda. Mkasi ndiye aliyemfundisha kuhariri video, tangu namna ya kushika kipanya hadi wapi pa kumkata mtu anaposhusha pumzi. Jina la Mkasi lenyewe alipewa na wapiga picha, kwa ajili ya mkono wake mwepesi wa kukata.

Walifanya kazi pamoja miaka kadhaa, kiti kwa kiti. Kisha Kitinda akafungua chumba chake, na wateja wakaanza kuvuka barabara.

"Nilimtafutia sababu zote," anasema Mkasi. "Nikasema anajipendekeza. Nikasema ananisema vibaya. Nikiona mtu anatoka kwake anacheka, chakula hakishuki."

Sababu yenyewe alikuja kuambiwa na fundi cherehani wa jirani, ambaye Mkasi alikuwa amemtengenezea filamu ya mahafali ya mwanawe. "Dada, kazi yako nzuri," fundi alimwambia. "Ila haifunguki."

Mkasi alikuwa hataki kusikia habari za kupunguza ukubwa wa faili. Alihariri kwa picha nzito zilezile zilizotoka kwenye kamera, kompyuta ikiganda kila anapokata, na mwisho alimkabidhi mteja mzigo wa giga arobaini. Kwake, kuibana picha ilikuwa sawa na kuiharibu. Watu walifika nyumbani, wakachomeka flashi kwenye runinga, na picha ikasimama bwana harusi akiwa mdomo wazi.

Hayo angeyavumilia. Lililomchoma lilitoka kwa mama.

Mama yao alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi hadi alipostaafu mwaka jana. Siku ya kuagwa, wanawake aliowazalisha walikuja na watoto wao, wengine wakiwa wamemzidi kimo. Mabinti wake wote wawili walikwenda, kila mmoja na kamera yake. Mkasi alihariri kwa majuma, akampa mama filamu kwenye flashi.

Siku chache baadaye alimkuta mama ameketi sebuleni, spika ndogo masikioni kwa sababu hasikii vizuri, anatazama simu na kutabasamu peke yake.

"Unaangalia nini, mama?"

"Ya mdogo wako. Kaniwekea kwenye simu. Njoo uone."

Mkasi akasema ana kazi, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Tangu hapo, mama akishika simu, yeye anainuka. Wageni walioneshwa filamu "ya Kitinda". Shangazi aliisifia mpaka chai ikapoa. Mkasi hakuitazama hata dakika moja.

Siku nyingine alifika na waya, ahamishie filamu yake kwenye simu ileile. Simu ikakataa. Nafasi haikutosha.

"Nifute baadhi ya vitu, mama?"

"Futa unachotaka. Hiyo ya mdogo wako tu usiiguse."

"Nilihisi kama nimemwagiwa maji mbele za watu," anakumbuka.

Alirudi kazini akajaribu kuibana filamu mwenyewe. Ikatoka nyepesi kweli, lakini uso wa mama ulikuwa umekatikakatika kama vigae. Akajaribu tena, mambo yakawa yaleyale. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Akavuka barabara.

Kitinda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaacha kazi aliyokuwa nayo mkononi.

"Dada, funga mlango," alisema. "Ile ya kwenye simu siyo yangu. Ni yako."

Mama alikuwa amempelekea ile flashi akilalamika haifunguki. Kitinda akaibana filamu bila kugusa mkato hata mmoja, akaitia kwenye simu. Picha alizopiga mwenyewe siku ile zilikuwa bado zimelala kwenye diski. Mama akadhani ndizo hizo.

"Mbona hukumwambia?"

Kitinda aliinamia meza. "Alinisifu. Tangu nimezaliwa nasikia dada yako hivi, dada yako vile. Siku hiyo nikasikia jina langu. Nikanyamaza."

Mkasi hakumkumbatia mtu. Alitoka akabamiza mlango, na kwa muda walisalimiana kwa nyusi tu. Lakini siku hiyohiyo alikwenda kwa mama, akaomba simu, akaitazama filamu yote akitafuta palipoharibika. Hakupaona.

"Nilikuwa naionea wivu kazi yangu mwenyewe," anasema. "Nilipojua hivyo nikamwonea wivu upya, maana aliibana na bado inang'aa."

Kitinda mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mama. Mama alitoa spika masikioni, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo siku zote namshukuru aliyepakua, na aliyepika yupo tu?" alisema. "Haya, ahsanteni wote. Niacheni nimalizie."

Sasa Mkasi huvuka barabara kila Jumatano kwenda kujifunza. Kama leo, kabla ya kukata chochote, kompyuta inatengeneza nakala nyepesi za picha zote. Atakata kwa hizo, mashine isigande, na mwishoni itarudi yenyewe kwenye picha halisi. Mteja atapata filamu mbili, nzito ya kuhifadhi na nyepesi ya simu. Fundi cherehani amesharudi.

Na wivu je, umekwisha?

"Umepungua ukubwa," anasema, na anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Haujafutika."

Mpango wake ni kuunganisha picha zake na zile ambazo Kitinda hakuzihariri, watengeneze filamu moja ndefu ya mama na watoto aliowapokea duniani. Kitinda amekubali kutoa diski, kwa sharti kwamba akate yeye.

"Nitamwachia," anasema Mkasi. Anatazama ng'ambo. "Ila mwisho wake nitaukata mimi."