Jenerali Niliyemfundisha, Babu Niliyemwacha

Siku yangu ya kwanza kufundisha historia, karibu na Kebirigo, niliwatoa wanafunzi darasani nikawapanga mbele ya bamba la saruji lililomezwa na nyasi. "Hapa," nikasema kwa sauti ya redio, "amelala jenerali wa Kijerumani." Tukainamisha vichwa. Msichana mmoja akapita na kikapu cha majani chai, akauliza mbona tunaombea mizani. Kumbe ulikuwa msingi wa mizani ya kituo cha zamani cha kununulia chai! Tangu hapo naitwa Jenerali, mimi nisiyeweza kulala mbali na kuku wangu.

Nilikuwa UT, yaani mwalimu asiyesomea ualimu: kidato cha nne na chaki, basi. Lakini yule Mjerumani nilimjua. Kila mwaka nilimfundisha: alivyowazungusha Waingereza Afrika Mashariki Vita vya Kwanza vyote, akasalimu amri vita vikiwa vimekwisha Ulaya, akapokewa kwao kishujaa, na vile vya Pili vikamkuta mzee. Kila mto aliovuka una jina kitabuni.

Babu yangu alivuka mito hiyohiyo akiwafuata Waingereza, gunia la unga kichwani. Walimkamata sokoni, hapo Nyakoe, awe mpagazi. Hakurudi. Kitabuni hana hata mstari.

Nilipomtia kwenye azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula, mwalimu mkuu akaniita.

"Mwalimu, wapagazi hawaulizwi kwenye mtihani."

"Lakini huyu ni babu yangu, bwana mkubwa."

"Basi kamtahini huko kwenu."

Mkaguzi wa wilaya naye akacheka, akamkata babu kwa wino mwekundu. Kama mbuzi aliyeingia shambani! Nami nikarudi kumvusha Mjerumani mito hadi nikastaafu. Hilo linanichoma mpaka leo.

Kwetu mwanaume huzikwa kando ya nyumba yake, upande wa kulia. Pa babu pako wazi. Mwezi huu mpwa wangu akapachomeka vigingi vya zizi la ng'ombe. Niliving'oa vyote nikipiga kelele: Waingereza! Wajerumani! Serikali! Wakaguzi! Jirani yangu Mama Kerubo, yuleyule msichana wa kikapu cha chai, akasimama uani akisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Jenerali," akasema, "kaburi la mizani ulilipata kwa siku moja, tena bila maiti. La babu yako unangoja Mjerumani aje achimbe?"