Salamu iliyokigandisha kikaragosi changu

Leo asubuhi nilidhaniwa nimelala usingizi katikati ya salamu. Sikulala.

Mjukuu wangu Ngoie, anayeniita Kambo, amenichorea kikaragosi cha kwenye simu chenye sura yangu, hata miwani. Simu inautazama uso wangu. Nikifumbua mdomo, nacho kinafumbua. Amekihangaikia mwezi mzima ili nifundishe Kiluba mtandaoni.

Tukaanza kurusha somo moja kwa moja. Nikapiga makofi taratibu na kuinamisha kichwa, kama tunavyoamkia watu kwetu.

Kikaragosi kikaganda, macho kimefumba!

“Muzee iko nalala!” mtazamaji mmoja akaandika. Wengine wakaanza kuondoka.

“Kambo, usiiname! Telefone haione tena sura yako!” Ngoie alinong’ona, machozi yakimlengalenga.

“Niwaamkie watu nikiwakazia macho? Sitaki.”

Ngoie akaichukua simu, akailaza mkekani, ikinitazama kutoka chini.

Nikainama tena. Safari hii kikaragosi kikainama pamoja nami.

“Wakomapo!” nikasema, nikiwaamkia kwa Kiluba.

Dada yangu aliyeko Bukama akawa wa kwanza kuitikia, akaandika: “Eyo vidye.” Wakafuata watoto nisiowajua, mmoja baada ya mwingine.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usipite bila kuitikia. Ngoie ameishika simu, anasoma kila jibu kwa sauti.