Mnong'ono Chini ya Taulo la Jikoni

Saa nane mchana, mvua inapiga bati katika mji mdogo wa Korumburra. Leonard Pascoe ameketi sebuleni, amefumba macho. Mbele yake kuna kompyuta na visanduku viwili vilivyofunikwa taulo la jikoni.

Visanduku hivyo huitwa vigeuzi. Muziki ulio kwenye kompyuta ni namba tupu, na kigeuzi ndicho kinachozifanya ziwe sauti. Duka limemwazima vyote viwili avisikilize nyumbani. Kesho atarudisha kimoja.

Leonard ana miaka sitini na mmoja, na huendesha lori la kukusanya maziwa. Kigeuzi kimoja ni dola mia nne. Kingine ni dola elfu sita.

"Mshahara wa mwezi haukifikii," anamwambia mwandishi wa kike aliyekuja kumtembelea. Kwa hiyo ameahidi kuuza piano ya marehemu mkewe, Noelene. Mnunuzi anakuja kesho asubuhi.

Noelene aliimba kwaya ya kanisa, na sauti yake imebaki katika rekodi moja tu.

"Jumanne niliunganisha kile cha ghali," Leonard anasimulia. "Kabla wimbo haujaanza, nikamsikia ananong'ona: 'Len, funga mlango, baridi inaingia.' Siku ya kurekodi mimi ndiye niliyesimama mlangoni, mama. Siku ile sikumsikia. Nikajaribu kile cha bei nafuu. Kimya."

Leo amemwita Trevor Maddern, dereva mwenzake, amjaribu kama wapenzi wa vyombo hivi wanavyojaribiana: vigeuzi vimefunikwa, na msikilizaji hajui kinacholia ni kipi.

Trevor anasawazisha sauti kwa kipimo. "Kimoja kikizidi sauti kidogo tu, sikio linakwambia ndicho bora. Na huyu mzee hata trekta angelipenda, mradi lipige kelele."

"Piga muziki, domo wewe!" Leonard anamjibu.

Mara ya kwanza, kwaya inaimba vizuri. Leonard anatikisa kichwa, sicho.

Mara ya pili, kabla ya wimbo, anakishika kiti kwa nguvu. Mbwa aliyelala chini ya piano anainua kichwa na kutazama mlango. Trevor na mwandishi wanasikia mvua tu.

Mara ya tatu, kwaya tena. Mbwa amelala.

"Cha pili," Leonard anasema, machozi yakimtoka. "Ndicho hicho. Piano iende."

Trevor hacheki. Anaondoa taulo polepole.

"Len, nisamehe, ndugu yangu. Nilitaka kukutania. Sijabadilisha kitu. Mara zote tatu ni hiki cha bei nafuu."

"Lakini nimemsikia."

"Najua. Nimekuona."

Kompyuta imekwisha kunyamaza, lakini mbwa amesimama na kwenda mlangoni. Anatikisa mkia kama anavyomtikisia mtu wa nyumbani. Mlango umefungwa.

Leonard anachukua simu na kumpigia mnunuzi. "Samahani, bwana. Piano haiuzwi." Kisha anakirudisha kigeuzi cha ghali ndani ya boksi lake, taratibu, kama anayefunga mzigo wa mtu.

Anapanga, Jumapili akitoka kanisani, kusogeza kiti chake karibu na piano na kuweka rekodi ileile. Trevor anamuuliza: na mlango je, ataufunga?

"Nitauacha wazi," anasema Leonard. "Akisikia baridi, ataniambia tena."