Uji wa Mtani

Bibi jirani yangu hapa Mwembesongo ni Mluguru, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani. Tangu nihamie, kila salamu yangu aliijibu kwa tusi la utani. Alipougua, jumuiya yetu ya sala ilikuwa imetoka kusoma habari za kumpenda jirani, nami nikaahidi mbele ya wenzangu kumpelekea uji kila asubuhi. Kwamba yeye ni Mwislamu, hakuna aliyeuliza.

Kuna asubuhi nilitamani kulala tu. Nilikwenda kwa sababu nimeahidi, nikinung'unika mpaka mlangoni. Kilichonitisha ni adabu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki."

Mtani akikujibu hivyo, ujue hali yake ni mbaya. Nikawa nakoroga uji huku nasali.

Siku moja nikamkuta ameketi kizingitini mwenyewe, anaota jua. Akaonja uji, akakunja uso.

"Nyie Wanyamwezi, uji huu si mnawapikia punda?"

Nikakaa chini pale pale, machozi yakanitoka.

"Ndiyo maana nimekuletea wewe," nikamjibu.