Liao Pi-yun, majibu ya mashabiki na kidole cha pamba

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mjini Huwei, Taiwan. Liao Pi-yun anatundika koti nyuma ya mlango, anaweka kikombe chake cha maziwa ya soya mbali kabisa na kompyuta, kwa sababu mwaka jana aliwahi kuimwagia, kisha anavaa miwani na kufungua kazi ya siku.

Maswali arobaini na moja yanamsubiri. Farasi wa Jenerali Mwekundu aliitwa nani? Mganga Kipofu alipofuka katika sehemu ya ngapi? Je, ni kweli Binti wa Theluji ana nywele za mtu halisi?

Hilo la mwisho linamchekesha. "Za shemeji yangu hizo," anasema. "Alikubali kuzikata, halafu akalia siku mbili. Mpaka leo akiona kile kikaragosi kwenye televisheni anashika kichwa."

Bi. Liao, mwenye umri wa miaka 58, ni mjibu maswali wa kampuni ya vikaragosi vya mkononi ambayo kwa miaka zaidi ya thelathini imekuwa ikitengeneza mchezo wa televisheni uitwao *Mvua ya Panga Tisa*. Mchezo una wahusika zaidi ya mia sita na mashabiki wasiolala. Wanauliza kwenye ukurasa wa kampuni, yeye anajibu, na chini ya kila jibu inawekwa saini moja tu: Idara ya Majibu.

Idara nzima ni yeye.

Kioo cha kompyuta yake kimegawanywa pande mbili. Kushoto yapo maswali. Kulia upo wazi muda wote ule mtandao ambao mashabiki wenyewe wameujenga, aina ya kamusi kubwa ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kusahihisha. Swali likiingia kushoto, macho ya Bi. Liao huenda kulia kwanza.

Hafichi. "Daftari zetu za upigaji picha ziliharibika kwa mafuriko ya kimbunga. Ghala lilikuwa chini, sisi tulikuwa juu tunaokoa vikaragosi. Karatasi nani angezikumbuka?" anasema. "Wale vijana wana kanda zote. Wameangalia sehemu moja mara hamsini. Wanajua kikombe gani kilikuwa na ufa. Wanaipenda kazi yetu kuliko sisi tulioifanya."

Na kwa kawaida, anasema, hawakosei. Akikadiria mwenyewe, katika kila majibu mia, tisini na kitu ni sahihi. Ni hayo machache yaliyobaki ndiyo yaliyomfanya mwaka huu akonde.

Kabla ya kukalishwa mbele ya kompyuta, Bi. Liao alikuwa mshonaji. Aliingia kampuni akiwa msichana, akashona majoho, mikanda na viatu vidogo vya hariri kwa miaka ishirini, mpaka macho yalipoanza kumsaliti na uzi ukawa hauingii tena kwenye tundu la sindano bila ugomvi. Kampuni haikumtimua. Ilimpa kiti, miwani na mashabiki. Mshahara ulipungua kidogo, ukawa dola elfu thelathini na moja za Taiwan kwa mwezi, na mgongo ukapumzika.

Mwezi wa tatu mwaka huu liliingia swali ambalo halikufanana na mengine. Liliandikwa na Ting Ya-ling, ambaye yeye na baba yake wanauza supu ya bata na tambi mjini Beigang, hatua chache kutoka hekaluni.

Ya-ling aliandika kwa adabu. Alieleza kwamba dukani kwao kuna picha ya zamani ya baba yake, Ting Huo-wang, ameshika kikaragosi cha Msomi Asiyelala. Miaka yote baba amekuwa akiwasimulia mahujaji kwamba ni mkono wake uliomchezesha Msomi katika kile kifo maarufu, pale Msomi anapommiminia chai adui yake kwa mara ya mwisho. Sasa wiki iliyopita meza moja ya vijana walitoa simu zao, wakasoma, wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na meza zote: "Mzee, supu yako tamu, lakini hapa wanasema ulikuwa mkono wa Mzee Shen. Usitupikie na uongo."

Swali la Ya-ling lilikuwa fupi: Je, kampuni inaweza kusema ukweli ni upi?

Bi. Liao alitazama kulia. Mashabiki walikuwa wameandika bila wasiwasi wowote: Kifo cha Msomi Asiyelala kilichezeshwa na marehemu Shen Chin-tu, mwanzilishi wa kampuni. Chini yake walikuwa wameandika aya nzima ya kusifu "mkono unaochelewa", yaani namna mkono wa Msomi unavyoshuka nyuma kidogo ya mwili wake anapomimina chai, kana kwamba uchovu wa miaka yote umelala begani. Ustadi ambao, waliandika, ni Mzee Shen peke yake angeuweza.

Akanakili jibu, akalipamba kwa salamu, akalituma. Ilimchukua dakika tatu.

"Nilikuwa na maswali thelathini nyuma yake," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatazami kompyuta wala mwandishi wa gazeti hili. "Lakini nisijitetee. Nilijua kuna kitu hakikai sawa." Anavua miwani. "Nikakimeza."

Siku mbili baadaye Ya-ling alijibu. Hakulalamika. Aliandika kwamba baba ameishusha picha na kuiweka nyuma ya gunia la mchele, na kwamba ukutani pamebaki alama nyeupe. Kisha sentensi ya mwisho: "Baba anasema hana nguvu za kubishana na kompyuta. Anasema tu mngemtafuta A-Yun wa ushonaji, kama bado yu hai. Yeye ndiye aliyemshonea kidole cha pamba."

A-Yun wa ushonaji ni Liao Pi-yun.

"Niliisoma ile sentensi, nikaisoma tena kwa sauti," anasema.

Anayetaka kuelewa kidole cha pamba lazima aujue mkono wa mchezeshaji. Kidole cha shahada huingia kichwani mwa kikaragosi. Kidole gumba huwa mkono wake mmoja, na vidole vitatu vilivyobaki huwa mkono wa pili. Ting Huo-wang alipoteza vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye karakana ya mbao. Alipokuja kuomba kazi walimcheka. Akavaa kikaragosi cha Msomi mbele yao, na mkono mmoja wa kikaragosi ukaning'inia kama soksi.

Mshonaji mdogo kuliko wote chumbani, Pi-yun, alikichukua kile kikaragosi bila kuagizwa na mtu. Akajaza pamba kwenye kitambaa chembamba, akakishona ndani ya mkono pale vidole vya Ting vilipokoma. Mkono ukapata uhai. Ila pamba si nyama. Kila mara ulifika nyuma kidogo ya mwili.

Huo ndio mkono unaochelewa.

Kwa nini basi aliyekishona kidole akanakili jibu la watu wasiokijua? Bi. Liao alirudi nyuma kutafuta, na alichokikuta ndicho kinachomuuma zaidi. Tovuti ya mashabiki huhifadhi kila sahihisho na tarehe yake. Mwaka 2015, sentensi ile ilikuwa na unyenyekevu: Huenda mchezeshaji alikuwa Shen Chin-tu, ingawa hakuna uthibitisho. Mwaka huohuo shabiki mmoja aliiuliza kampuni. Idara ya Majibu ikasoma palepale kwa mashabiki, ikaondoa "huenda", ikajibu. Wiki moja baadaye mashabiki nao wakaondoa "huenda" yao, wakaweka chanzo: jibu rasmi la kampuni.

"Mimi nimechota kwao, wao wamechota kwangu," anasema. "Kisimani hapakuwa na mtu."

Kuhusu hiyo "huenda" ana maelezo. Meneja wake, Shen Yu-cheng, ambaye ni mtoto wa marehemu, hakuwa akiipenda. "Alikuwa ananiambia, 'Dada Yun, mteja hafuati labda kwetu. Labda anayo kwake.' Na jibu lenyewe lilimtaja baba yake. Ningeanzia wapi?"

Alianzia kwa mashabiki. Alifungua akaunti kwa jina lake halisi, akaifuta sentensi, akaandika jina la Ting. Baada ya dakika kumi na moja ilikuwa imerudishwa. Aliyeirudisha hujiita Soya Baridi, mlinzi wa kurasa za zamani, na walichoandikiana bado kinasomeka.

"Dada, tunashukuru, lakini chanzo tulicho nacho ni cha kampuni yenyewe," aliandika Soya Baridi.

"Jibu hilo la kampuni nililiandika mimi."

"Basi wewe ndiye chanzo chetu. Ulilitoa wapi?"

"Kwenu."

Jioni Soya Baridi akaandika: "Hapo umenikamata. Lakini siwezi kuweka kitu kwa sababu mtu amekumbuka. Kila siku kuna watu kumi wanakumbuka. Nipe kitu cha kushika."

Bi. Liao hakukasirika. "Alisema kweli. Ningekuwa na huyo mtu ofisini mwaka 2015, tusingefika hapa."

Kitu cha kushika kilikuwapo. Kesho yake alimwendea meneja, akamweleza yote akiwa amesimama. Shen Yu-cheng alikuna shingo. "Yaani unataka nikupe ufunguo wa kabati la vikaragosi vya zamani ukathibitishe kwamba baba hakufanya jambo ambalo watu wanamsifia?" Kisha akautoa mfukoni. "Nenda. Baba mwenyewe alikuwa hapendi sifa za bure. Mimi ndiye ninayezipenda."

Msomi Asiyelala alikuwa ndani ya sanduku la mierezi, joho lake likinuka dawa ya nondo. Bi. Liao akaligeuza ndani nje. Ndani ya mkono, pale alipokiweka, kilikuwapo kidole kidogo kilichosinyaa na kugeuka njano, kimeshonwa kwa uzi wa buluu kwa sababu siku ile mweupe ulikuwa umekwisha. Mkono wa Mzee Shen, mwenye vidole vitano vinene, usingeingia humo hata kwa mafuta.

"Nikakaa sakafuni nikalia," anasema. "Si kwa huzuni tu. Mshono ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa hodari."

Alipiga picha tisa. Soya Baridi, ambaye kumbe ni mama wa makamo mwenye duka la dawa mjini Keelung, aliziweka kwenye ukurasa pamoja na maelezo marefu, na kwenye sahihisho akaandika maneno mawili: "Tusamehe, Mzee." Aya ya mkono unaochelewa haikufutwa. Walibadilisha jina tu.

Lililobaki ndilo lililokuwa gumu. Bi. Liao alipiga simu kwenye duka la supu, na Ting Huo-wang mwenyewe akapokea.

"Kaka Wang, ni A-Yun."

"A-Yun yupi? Wa ushonaji? Nilidhani ulishakufa, mwanamke wewe. Hata harusi ya Ya-ling hukuja."

"Kaka, ile Idara ya Majibu. Ni mimi."

Anasema alisikia mabakuli yakigongana na mtu akiagiza tambi zaidi. Kisha Mzee Ting akauliza, taratibu: "Ulisahau?"

"Sikusahau," akamjibu. "Niliona wameandika watu wengi, nikajiona mimi ni mmoja, tena fundi cherehani tu. Nikaogopa kuwa peke yangu."

Mzee Ting hakusema amesamehe. Alisema ana wateja, akakata simu.

Alipoulizwa na gazeti hili, Mzee Ting, mwenye umri wa miaka 76, aliendelea kukata bata bila kuinua kichwa. "Vijana wale siwalaumu, walisoma kilichoandikwa. Huyu A-Yun ndiye aliyenichoma," alisema. Picha bado ilikuwa nyuma ya gunia. "Haijarudi kwa sababu misumari imekwisha." Binti yake, aliyekuwa akiosha mboga pembeni, alifungua droo, akaonyesha misumari tele, akaifunga tena.

Hata hivyo, wiki iliyofuata ni Mzee Ting aliyepiga simu Huwei. Alikuwa amesikia kwamba mwezi wa kumi na moja kampuni itaonyesha kile kifo tena jukwaani, mbele ya watu, uwanja wa hekalu. Aliuliza nani atamshika Msomi. Bi. Liao akamwambia hawajaamua.

"Kidole changu bado kina nguvu?"

"Pamba imelala, kaka."

"Basi shona kingine. Ukikifanya kinene nitakirudisha."

Ndiyo maana leo, kando ya maziwa ya soya, kuna pamba mpya, kitambaa na kifaa cha kupitishia uzi alichoazima kwa mjukuu. Kati ya jibu na jibu anashona mishono mitatu minne, anaweka chini, anaandika. Anataka kikamilike kabla ya mwisho wa mwezi, akipeleke Beigang mwenyewe, akijaribishe kwenye mkono ule. Na ameshaamua kubeba nyundo.

Ofisini pia kumebadilika. Meneja amekubali majibu yawe na jina la aliyejibu na yaseme yalikotoka. Bado Bi. Liao anafungua tovuti ya mashabiki upande wa kulia, kila siku, na akichota humo anaandika kwamba amechota humo. Wiki iliyopita alijibu "sijui" mara tisa. Shabiki mmoja alimuuliza kama idara imefungwa.

Saa nne na nusu anafikia swali la ishirini na mbili. Kijana wa Taitung, anayesema ndiyo kwanza ameanza kuangalia sehemu za zamani, anataka kujua ni nani aliyemchezesha Msomi Asiyelala siku ya kifo chake, maana ule mkono umemliza.

Bi. Liao anaweka sindano chini. Macho hayaendi kulia.

"Ni Ting Huo-wang," anaandika. "Najua, kwa sababu nilimshonea kidole. Liao Pi-yun, mshonaji."