Sahihi ya Pili Kwenye Delivari ya Ndengu

Miaka ya themanini, mume wangu alikuwa na lori moja la tani saba, na mimi ndiye niliyekuwa ofisi yake. Ofisi yenyewe ilikuwa droo ya juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwetu Mwingi, ambamo niliweka vitabu vya delivari, yaani hati ambazo mpokeaji hutia sahihi mzigo ukifika, muhuri na ankara za wateja. Kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kuandika hakukunisumbua. Yeye aliendesha, alipakia, alibishana na askari wa barabarani. Mimi niliandika. Akiwa nyumbani aliniomba nimsomee gazeti.

"Soma wewe," alikuwa akisema. "Sauti yako inanipumzisha."

Nilimsomea miaka kumi na mmoja, na kila mara nilifurahi kuambiwa hivyo.

Taabu ya kazi ile ilikuwa kungoja. Unampelekea mtu mzigo leo, naye analipa baada ya siku arobaini au sitini, na dizeli hainunuliwi kwa ahadi. Aliyetuokoa ni Hajji, mfanyabiashara wa mifugo ambaye jamaa zake walitoka upande wa Garissa, na ambaye alikuwa na duka na pampu ya mafuta kando ya barabara. Nilimpelekea ankara pamoja na nakala ya delivari iliyotiwa sahihi, naye akanihesabia papo hapo shilingi tisini kwa kila mia. Siku ya malipo ikifika, mwenye mzigo alimlipa yeye. Hajji hakupenda mtu auite mpango ule mkopo.

"Mimi sikopeshi, mama, na riba sili," alinieleza siku ya kwanza. "Hiyo kumi ni ya miguu yangu, ya kumfuata huyo mtu mpaka alipe."

Sharti lilikuwa moja tu. Mwenye mzigo akikataa kulipa kwa sababu ya kosa letu njiani, pesa za Hajji tungezirudisha sisi.

Mwaka mmoja, mvua za Novemba zikiwa zimeanza, mume wangu alipeleka magunia sabini na tano ya ndengu katika mji wa Sultan Hamud, kwa tajiri mmoja aliyekuwa na godauni karibu na reli. Alirudi salama, akanipa nakala zetu mbili za delivari. Ya waridi nilimpelekea Hajji, ya manjano nikaiacha kitabuni. Pesa tulizopata tulinunulia tairi mbili za nyuma. Baada ya wiki tano Hajji akatuita sote wawili.

Alitukaribisha kwa chai ya iliki, akauliza habari za watoto, kisha akatoa barua. Tajiri wa Sultan Hamud aliandika kwamba magunia tisa yalifika yamelowa na kuoza, na kwamba dereva mwenyewe alikubali kwa maandishi. Hangelipa hata senti mpaka afidiwe. Barua iliambatana na fotokopi ya delivari aliyobaki nayo. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili ya Kiingereza iliyoongezwa kwa kalamu, na pembeni yake sahihi ya pili ya mume wangu. Kwenye nakala ya waridi ya Hajji mistari hiyo haikuwapo. Iliandikwa baada ya karatasi za kaboni kuondolewa.

"Ndugu yangu," Hajji alimuuliza, "hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na maneno haya yanasema nini?"

Mume wangu aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akapapasa mfuko wa shati.

"Nimesahau miwani nyumbani."

Hakuwa na miwani. Hakuwahi kuwa nayo. Nilimtazama zile sekunde chache, vidole vyake vikitafuta kitu kisichokuwapo mfukoni, nami nikajua. Niliichukua karatasi mkononi mwake, nikasoma kwa sauti kwamba magunia tisa yamefika yakiwa yamelowa na dereva amekubali. Nilisoma kama ninavyosoma gazeti. Hajji alinitazama, akamtazama yeye, kisha akainamia birika na kutumiminia chai ambayo hatukuwa tumeimaliza.

"Nendeni mkaongee na huyo mtu," alisema baadaye. "Nitawangoja wiki mbili. Mkishindwa, mama, mnajua tulivyokubaliana."

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, mimi nikiwa na kitabu cha delivari ndani ya kiondo, pamoja na muthokoi tuliobakiza, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Tuliupita mji wa Kitui.

"Uliniona," alisema.

"Nilikuona."

Ndipo akanieleza. Aliacha shule darasa la pili, baba yake alipofariki na ng'ombe wakakosa mchungaji. Sahihi yake alifundishwa na karani aliyemwandikia kitambulisho, akaifanyia mazoezi mchangani kwa kijiti. Majina ya miji aliyajua kwa umbo lake, kama mtu anavyojua sura za watu.

"Miaka kumi na mmoja!" nilisema. Nilikasirika, sitaficha. "Mimi ni mkeo. Ulidhani ningekuacha?"

"Ulikuwa mwalimu," alijibu. "Sikuogopa kuachwa. Niliogopa uniheshimu kwa kujilazimisha."

Nilianza kufikiria mambo aliyokuwa ameyabeba kichwani siku zote hizo: nani ana deni, nani alilipa, gunia gani lilipakiwa kwanza, daraja gani lina ufa. Sikuwahi kumwona akikosea. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, pale kwenye gia, akabadilisha gia nao ukiwa hapo hapo.

"Sasa niambie," nikamwomba. "Siku ile ilikuwaje?"

Alikumbuka yote. Walipomaliza kushusha, karani wa stoo alimpa nakala zake, kisha akamwita tena. Tia sahihi na hapa, karani alimwambia, hii ni saa ya kufika. Alitia. Alikumbuka pia kwamba kwenye kona ya godauni palikuwa na magunia yaliyolowa tayari, yakinuka, na bati la juu yake lilikuwa limetoboka.

"Ya kwetu yalikuwa makavu," alisema. "Midomo yote sabini na mitano niliishona mwenyewe, kwa kamba ya katani. Yale ya kona yalishonwa kwa uzi wa nailoni wa bluu."

Tajiri alitupokea mezani kwake, karani wa stoo akiwa amesimama nyuma yake. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa amechoka tu, kama wafanyabiashara wengi msimu ule. Nilimwonyesha nakala ya manjano isiyo na ile mistari. Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Mama, nakala yako naiona. Lakini sahihi ni ya bwana. Mtu mzima hatii sahihi kwenye kitu ambacho hajakisoma."

Nilifungua mdomo nijibu. Mume wangu akanigusa bega, akasimama. Alivua kofia.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Huyu kijana wako aliniambia nitie sahihi ya saa ya kufika, nikatia. Naomba uniletee hayo magunia tisa."

Hakuna aliyecheka. Alisimama pale na kofia yake mkononi, akimtazama yule tajiri usoni, nami nikahisi machozi yakinijia. Nilijisemea kwamba sijawahi kumpenda kama wakati ule.

Magunia yalikuwa yamewekwa kando kama ushahidi. Tajiri alienda mwenyewe, nasi tukamfuata. Mume wangu aliinua mdomo wa gunia la kwanza: uzi wa bluu. La pili, uzi wa bluu. Kisha akatuongoza mpaka kwenye rundo la ndengu zetu, kamba ya katani kila mdomo, kwa mshono wake ule wa kupinda kulia. Tajiri alirudi kwenye magunia yaliyolowa, akashika nyuzi zake kwa vidole, moja baada ya nyingine, mpaka akamaliza yote tisa. Akamgeukia karani.

"Haya yalitoka wapi?"

Karani alisema ukweli kwa sauti ndogo. Bati lilikuwa limevuja tangu mvua ya kwanza, naye aliogopa kufutwa kazi.

Tajiri hakutuomba msamaha. Alituagizia soda, akaandika barua kwamba atalipa ankara nzima. Sikujua yaliyompata yule karani baadaye. Sikuuliza, na mpaka leo naona nilipaswa kuuliza.

Hajji alilipwa siku kumi baadaye. Tulipoenda dukani kwake alinihesabia nusu ya ile kumi yake katika kila mia, akanisukumia noti mezani.

"Safari hii miguu ilikuwa yenu," alisema. Kuhusu miwani hakutamka neno, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, mume wangu aliketi mezani na kitabu cha zamani cha delivari akataka nimfundishe. Nilianza na a, e, i, o, u, kama nilivyofundisha watoto. Alinizuia.

"Nianzie yale maneno yanayoniumiza."

Basi tulianza na maneno ya Kiingereza ya kulowa, ya kupungua, ya kuharibika, na ya kukubali. Irabu zilikuja baadaye. Ilimchukua karibu miaka miwili, Jumapili kwa Jumapili, na mara nyingi alitupa kalamu akaenda kuosha lori ambalo halikuwa chafu.

Siku moja nilisafiri naye mpaka Makindu, kitindamimba wetu mapajani. Karani wa pale alimpa delivari na kumharakisha, maana malori mengine matatu yalikuwa nyuma yetu yakipiga honi. Mume wangu aliiweka karatasi juu ya boneti. Alisoma kila mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Honi zikaendelea. Alisoma.

"Hapa umeandika sabini na mbili," alimwambia karani. "Nimeleta sabini na tatu."

Karani alihesabu upya, akasahihisha. Mume wangu akatia sahihi, akapanda, akawasha gari. Tulipofika barabara kuu akaanza kucheka. Nami nikacheka, mtoto naye akacheka bila kujua sababu, mpaka ikabidi aegeshe lori kando kwanza.